Unga wa Njano Nyuma ya Kasha la Diski

Kabla sijafika kwenye mashine, niseme kwanza habari ya utani, maana msomaji asiyetoka kwetu anaweza kudhani yule mama mfagiaji wa ofisi alikuwa mkorofi. Hakuwa. Alikuwa Mmakua wa upande wa Lulindi, mimi Mmakonde wa Newala, na watu wa huku wakikutana hivyo hawaombani ruhusa ya kutaniana. Siku ya kwanza nilipofika ofisini Masasi, suruali imenyooshwa kwa pasi na kalamu mbili mfukoni, nilimkuta mlangoni na ndoo yake ya deki. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kwetu wapi. Nikasema Newala. Akatua ndoo chini akawaita wenzake waje wamwone Mmakonde aliyeletwa kuangalia kompyuta.

"Jamani, panya wa ofisi hii wahame leo leo," akasema. "Mlaji wao kafika."

Nikamjibu kwamba sisi angalau tunawachuna, Wamakua wanawala na mikia yao. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku ile hatukuitana kwa jina tena. Mimi kwake Mtani, yeye kwangu Mtani, ingawa kwa umri angeweza kunizaa.

Utani wetu ulikuwa na sheria moja tuliyoielewa sote bila kufundishana. Ukishitakiwa na mtani, hukatai. Akisema umemwibia kuku, unasema ndiyo, tena alikuwa mtamu, kesho unarudi kumchukua mtetea. Anayekataa ameshindwa. Na mmoja wetu akiwa kachoka, au kafiwa, au ana jambo la kweli la kusema, husema tu, "Mtani, basi." Hapo mwenzake hujibu, "Basi," na tunazungumza kama watu wengine. Yeye ndiye aliyeanza kuitumia kauli hiyo, siku aliponieleza kwamba mume wake amepunguzwa kazi.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Kiwanda cha kubangua korosho alichofanyia kazi mume wake kilifungwa, mlango wake mkubwa ukaachwa upate kutu, na mzee akarudi nyumbani na kifua kibovu. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na minara ya simu ikaanza kuota juu ya vilima vya mawe. Kila wiki ulisikia fulani kapunguzwa. Nyumbani kwa Mtani, yeye peke yake ndiye aliyebaki na mshahara, na mshahara huo ulilisha mume na wajukuu wawili. Aliipenda kazi yake ya kufagia kuliko mimi nilivyoipenda yangu. Sokoni akiulizwa anafanya kazi wapi, alijibu, "Mimi wa ofisi ya kompyuta," huku amenyoosha shingo. Nilimcheka sana kwa hilo.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya mradi wa mikorosho. Mabwana shamba walizunguka vijijini, Mnyambe na kwingineko, wakipiga picha miti na kuandika upi umeshikwa na ugonjwa wa ubwiri unga na upi umesimama. Kazi yao yote iliishia kwangu, kwenye chumba cha nyuma chenye seva, yaani ile kompyuta kubwa ambayo nyingine zote ziliteka kwake kama watu wa bomba moja. Diski zenye kumbukumbu hazikuwa ndani ya seva. Zilikaa pembeni, tano, ndani ya kasha la chuma, na kasha liliunganishwa na seva kwa waya mmoja mnene kama kidole gumba, wenye vipini vidogo vidogo vya shaba, kama sindano, vimejipanga mdomoni. Asubuhi uliwasha kasha kwanza, ukangoja taa tano zitulie, ndipo ukawasha seva. Ukigeuza mpangilio huo, seva iliamka haioni kitu. Hilo nililijua vizuri na nililisema mara kwa mara ili watu wajue kwamba nalijua.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa sita, siafu waliingia chumba kile. Walipita nyuma ya kabati la seva wakapanda ukutani, na nikaona wataingia ndani ya mashine waniharibie. Kwetu Newala, siafu na nyoka mama yangu alikuwa akiwazuia kwa salfa, ule unga wa njano unaopuliziwa mikorosho. Msimu ukiisha, uliobaki mfukoni aliumwaga mstari mmoja kizingitini. Nimekulia juu ya mstari ule. Na salfa ofisini ilikuwa tele, magunia yamepangwa stoo. Nikachota kopo zima nikamwaga nyuma ya kasha la diski, na siafu wakapotea. Nilijisifu. Nikaendelea kumwaga kila baada ya wiki mbili ili wasirudi.

Mtani aliuchukia unga ule. "Wewe Mmakonde," alisema, "umegeuza chumba shamba. Unataka kompyuta izae mabibo?" Ulimkohoza, akawa kila jioni kabla ya kuondoka anafuta nyuma ya kasha kwa kitambaa kibichi. Mimi namwaga, yeye anafuta. Tukafanya nao utani miezi minne.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi wa kumi. Niliwasha kasha, taa zikatulia. Nikawasha seva, na skrini ikaniambia haioni diski hata moja. Nikazima vyote, nikangoja, nikaanza upya. Hakuna. Nikagusa waya wa umeme, nikasukuma ule waya mnene kwa kiganja, nikawasha mara ya tatu. Hakuna. Jasho lilinitoka, maana Alhamisi wageni wa wafadhili walikuwa wanafika kuziona picha za miti ile, na hiyo ilikuwa Jumanne.

Mtani alikuwa ukumbini anapiga deki. Nami nikiogopa huwa napiga kelele na kufanya mzaha, tabia mbaya niliyonayo hadi leo. Nikatoa kichwa mlangoni nikapaza sauti.

"Mtani! Rudisha diski zangu ulizochomoa jana!"

Hakunyanyua hata uso. "Nimezichomoa zote tano," akasema. "Nimezitia kwenye kisamvu, zimeiva vizuri. Mzee kaniomba leo nilete nyingine."

Nikacheka. Na mkuu wa mradi akatoka ofisini kwake.

Mkuu hakuwa mtu wa huku. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, lakini alikuwa amekaa nje masomoni muda mrefu, na watu walimwona kama mtu anayesoma maneno yetu kitabuni. Hakuwa mwovu. Alikuwa na wageni Alhamisi. Aliuliza kuna nini, nikamwambia diski hazionekani. Rangi ya uso ikambadilika. Akamgeukia Mtani, bila shikamoo ingawa mama alimzidi umri kwa mbali, akamuuliza, "Wewe mama, umechomoa kitu mle ndani?"

Mtani akanitazama mimi kwanza. Macho bado yanacheka. "Nimechomoa, Mkubwa. Huyu Mmakonde analala kazini."

"Sifanyi mzaha," mkuu akasema. "Aliyegusa lile kasha anaondoka leo."

Mtani akaweka fagio la deki ukutani polepole, akajifuta mikono kwenye kanga. Akanigeukia. Akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Mtani, basi."

Mpaka leo nikiwa peke yangu naisikia sauti ile. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Basi. Kisha nimweleze mkuu kwamba mimi ndiye niliyeanza, kwamba hayo ni maneno yetu ya kila siku, kwamba mama huyu hawezi kuchomoa hata balbu. Ulimi ulikuwepo. Lakini nilikuwa nawaza kwamba kama si yeye, basi ni mimi, maana chumba kile kilikuwa na funguo mbili, wangu na wa usafi. Na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa kumi na mbili. Nikatazama sakafu, bado mbichi kwa deki yake.

"Baba, mimi natania," Mtani akamwambia mkuu. "Huyu mtani wangu anajua."

"Unajua?" mkuu akaniuliza.

"Jana jioni nilimwona kule nyuma ya kasha na kitambaa," nikasema.

Lilikuwa neno la kweli. Alikuwa na kitambaa. Nimejitetea kwa ukweli wa neno lile miaka mingi, na haujanisaidia hata siku moja.

Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshakabidhi ufunguo na ndoo. Hakulia, hakunitukana. Alivua lile koti la bluu la ofisi, akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya kiti cha mapokezi. Akatoka na kanga yake begani. Watu wote wa ofisi walijua kwamba ni utani, hata mlinzi wa getini alijua, lakini nani angesema kama mtani mwenyewe kanyamaza?

Mimi nikaingia chumbani kutafuta ugonjwa. Siku mbili nilikaa mle. Nilifunga safari hadi kibanda cha simu karibu na stendi ya mabasi, nikampigia mwalimu aliyenifundisha Dar es Salaam. Akaniambia maneno ninayowaambia hata leo vijana wanaoniuliza: usianze na diski. Diski tano hazifi kwa pamoja usiku mmoja. Kikipotea kila kitu kwa mara moja, kilichokufa ni njia. Angalia njia.

Nikarudi nikaangalia njia. Nilichukua diski ndogo ya kompyuta ya mhasibu, nikaifunga ndani ya seva kwenye nafasi yake ya ndani, ikaonekana. Kwa hiyo seva yenyewe ni nzima. Nikasikiliza kasha, diski zote zinazunguka, kila moja na mlio wake. Kwa hiyo kasha lina uhai. Kilichobaki kilikuwa waya na midomo yake miwili. Nililegeza skrubu za upande wa kasha, zikanisumbua kama zimeota mizizi. Nikavuta. Kabla sijaona kitu nilisikia harufu.

Ilikuwa harufu ya msimu wa kupulizia. Ile ya alfajiri shambani, mashine mgongoni, macho yanawasha, na mama anapiga kelele tujifunge vitambaa puani. Niliinua mdomo wa waya nikauelekeza dirishani. Vipini vilivyotakiwa kung'aa vilikuwa vyeusi kama meno ya mvuta kiko, na katikati yake unga wa njano umegandamana. Salfa ilikuwa imekula shaba. Nilipochungulia nyuma ya kasha niliona kila mahali palivyo. Chini, palipofika kitambaa cha Mtani, chuma kilikuwa safi. Juu, kwenye maungio, ambako aliogopa kugusa kwa sababu mimi mwenyewe nilimkataza, unga ulikuwa umetulia miezi minne.

Nilikaa sakafuni. Sijui kwa muda gani. Yule mama alikuwa ananiokoa kila jioni, na mimi nilikuwa namwaga tena.

Kazi ya kutengeneza haikuchukua muda. Spiriti kidogo kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza, mswaki mpya, na ufutio wa penseli kwa kadi ya ndani ya seva, pale waya unapoingia. Nikasugua mpaka shaba ikaonekana. Nikafunga skrubu, nikawasha kasha, nikangoja, nikawasha seva. Diski zote tano zikaja moja baada ya nyingine. Picha za mikorosho ya Mnyambe zikafunguka na miti yake imejaa maua. Nilitamani zingekuwa zimeharibika.

Nilimwendea mkuu. Nilikuwa nimepanga la kusema. Nikasema, "Zimerudi. Maungio ya waya yalichafuka."

"Si nilisema?" akajibu, anakunja karatasi zake za wageni. "Vitambaa vyao vibichi."

Ndiyo mara ya pili nilipomtosa Mtani. Mara ya kwanza ningeweza kusema nilishtuka, sikujua. Mara hii nilijua kila kitu, na mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili tu, na alikuwa na furaha kiasi cha kusamehe. Nikasema, "Ndiyo, mkuu." Nikaenda stoo kuchukua ufagio, nikafagia salfa yote mwenyewe, nikaifukia nyuma ya choo. Mwezi wa kumi na mbili mkataba wangu uliongezwa.

Wageni walisifu picha.

Nilikwepa njia za kwake zaidi ya mwaka. Masasi si mji wa kumkwepa mtu kwa muda mrefu. Siku moja ya mnada nilimkuta amekaa chini, ametandika gunia, anauza mafungu ya mbaazi na dagaa. Alikuwa amekonda. Nilitaka kugeuka lakini alishaniona.

"Mtani!" aliita, mpaka watu wakageuka. "Njoo ununue mboga. Ya diski imekwisha, nimebaki na mbaazi tu."

Alicheka kile kicheko chake. Nikanunua mafungu yote, naye akanitukana kwa kununua kama tajiri wa Newala asiye na maji ya kuzichemshia. Nilimwuliza hali ya mzee, akasema yupo, anakohoa. Sasa nikiwaza naona kwamba alinipa nafasi. Alikuwa ameuanza utani yeye, ameuweka mbele yangu, nami nilipaswa kusema tu "Mtani, basi," na kumweleza. Alinifungia mbaazi kwenye gazeti polepole, kama anayengoja. Mimi nikauliza bei ya dagaa.

Miaka sita ilipita. Mradi uliisha, seva ikabebwa sijui wapi, kila mtu sasa ana simu mfukoni. Nilikuwa nimerudi Newala nimefungua banda la kutengeneza redio na simu, siku binti yake aliponipigia. Sijui namba yangu aliipata kwa nani. Akasema mama kafariki, wanazika kesho Lulindi baada ya ibada, na kwamba mama aliacha neno: mtani wangu asikose.

Msiba wa kwetu bila mtani haujakamilika. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, kusimama mbele ya jeneza na kusema halipiti, kumsema marehemu uchoyo wake na ubishi wake mpaka wafiwa wacheke. Bila yeye watu wanabaki na kilio kitupu. Kwa hiyo nilipofika Lulindi, wanawake waliponiona tu walipiga kigelegele, wakanifunga kanga yake kiunoni na kunipa fagio. Nilifanya kazi iliyoniita. Nilifagia njia ya kwenda makaburini mbele ya jeneza, nimeinama kama yeye, nikikohoa kikohozi chake, nikiwafokea wazee wasinikanyagie deki. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mume wake, amekalishwa kwenye kiti, alicheka mpaka akashikwa na kifua.

Pembeni ya kaburi, jeneza likiwa limeshateremshwa, nilipanda juu ya udongo. Wakasogea kusikia mtani ana nini tena.

"Sikilizeni," nikasema. "Mnajua huyu alifukuzwa ofisini kwa kuiba diski?"

"Ndiyo! Alipikia kisamvu!" wakaitikia, maana hadithi ile alikuwa amewasimulia wote yeye mwenyewe.

"Hakuiba. Hakugusa kitu. Mimi ndiye niliyemwaga salfa ikaharibu mashine. Mimi nilijua, nikanyamaza ili nisifukuzwe mimi. Nimemwacha auze mbaazi chini, na mimi nakaa kwenye kiti."

Kikalipuka kicheko ambacho sijawahi kukisikia makaburini. Wanawake walishikana mabega. "Huyu mtani ni mtani kweli!" mmoja akasema. "Kajishitaki mwenyewe!" Binti yake alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga, anatikisika kwa kicheko, na aliniangalia kwa shukrani.

"Ni kweli," nikasema. "Nawaambia ni kweli." Wakacheka zaidi. Machozi yalikuwa yananitiririka, na hayo nayo waliyapenda, wakasema namwigiza mume wake.

Basi nikaacha kuwatazama wao. Nikainama juu ya kaburi, karibu nianguke, fagio bado mkononi. Nikasema, si kwa sauti kubwa, "Mtani, basi."

Nikangoja. Kisha vijana wakaniomba nishuke kwenye udongo, wapate kufukia.